Nani Alizichora Safu Hizi? Historia ya Kupanga Vitabu Rusizi

Ukifungua calibre, programu ya kupanga vitabu pepe, kwenye kompyuta ya maktaba yetu hapa Kamembe, Wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, kitu cha kwanza utakachokiona ni jedwali: jina la kitabu, mwandishi, tarehe kilipoingizwa, ukubwa wa faili, nyota za wasomaji, lebo, mfululizo, mchapishaji. Kushoto kuna orodha ya waandishi, lugha, miundo ya faili na lebo. Kulia kuna jalada la kitabu ulichokichagua pamoja na maelezo yake. Vijana wanaokuja kujifunza kazi hii huipokea sura hiyo kana kwamba vitabu vilizaliwa na safu hizo. Mimi huwaambia kwamba kila safu ina mtu aliyeichora, ina mwaka wake, na ina msomaji ambaye mchoraji alimfikiria. Mara nyingi msomaji huyo hakuwa mtu wa Rusizi.

Nilianza ukutubi enzi za kadi. Leo natunza vitabu pepe vinavyosomwa na wanafunzi, walimu, na wafanyabiashara wa soko la Kamembe ambao hununua na kuuza kwa Kiswahili kutwa nzima. Ng'ambo ya Ziwa Kivu ni Bukavu, mji wa Kongo, na watu wanavuka Mto Rusizi kila asubuhi kwenda huko na kurudi. Msomaji wetu wa kawaida anazungumza Kinyarwanda nyumbani, Kiswahili sokoni, alisoma shuleni kwa Kifaransa au kwa Kiingereza kutegemea mwaka aliozaliwa, na anategemea maktaba imhudumie katika lugha zote hizo. Nimeona vyombo kadhaa vya kupanga vitabu vikija na kuondoka, na vimenifundisha jambo moja: chombo cha maktaba hufaa mahali pa mpakani kama hapa pale tu kinapomruhusu mtu wa mahali hapo kukichora upya. Uzuri wa sura yake ni suala la pili.

Madaftari ya safu ya zamani zaidi ninayoyajua katika sehemu hizi yalihusu watu, hayakuhusu vitabu. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Mibirizi mwishoni mwa mwaka 1903, ikawa miongoni mwa misheni tano za kwanza za Kikatoliki nchini Rwanda, baada ya Save, Zaza, Nyundo na Rwaza. Wajerumani ndio waliokuwa watawala, na Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kazi za serikali. Misheni nazo zilikuja na desturi ya Kanisa ya kuandika kila ubatizo kitabuni: namba, tarehe, jina la mbatizwa, majina ya wazazi, jina la msimamizi, saini ya padre. Pembeni mwa kila mstari pakaachwa nafasi tupu, ili ukipita muda yaandikwe humo mambo yatakayotokea maishani mwa mtu huyo: kipaimara, ndoa, wapi alifungia ndoa.

Nafasi hiyo tupu ninaiheshimu sana. Aliyeipanga alijua kwamba hawezi kujua yote leo, akamwachia mwenzake wa kesho mahali pa kuandika. Lakini katika daftari lilelile ndimo ulimoanzia ugumu unaotusumbua hadi leo, yaani jina. Kwa desturi ya Kinyarwanda mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Ndugu watano wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana, na hakuna hata moja lililo la ukoo. Ukristo ukaongeza jina la ubatizo. Sasa mtu ana majina mawili, na hakuna lolote kati yake linalofanya kazi ya jina la ukoo kama lilivyo Ulaya. Walioandika walilazimika kuamua lipi litangulie. Walimu wetu shuleni walituzoesha kuanza na la Kinyarwanda, tena kwa herufi kubwa: KAGAME Alexis. Vitabu vilivyochapishwa Ulaya vikaandika Alexis Kagame. Ni mtu yuleyule, padre na mwanahistoria aliyezaliwa 1912 na kufariki 1981, lakini kwa mwenye kupanga orodha kwa alfabeti hao ni watu wawili wanaokaa mbali.

Kadi zilitujia kwa njia ya Ubelgiji. Mwaka 1895 huko Brussels, Paul Otlet na Henri La Fontaine walianza kazi ya kuorodhesha kila kitu kilichowahi kuchapishwa duniani, kadi moja kwa kila ingizo. Kadi ilikuwa na upana wa sentimita 12.5 na kimo cha sentimita 7.5. Kufikia miaka ya 1930 walikuwa na kadi zaidi ya milioni 12. Waliuchukua mfumo wa namba wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka 1876, wakaupanua ukawa mfumo wao wenyewe, ambamo alama ya nukta mbili huunganisha mada mbili, mabano huonyesha mahali, na alama ya sawasawa huonyesha lugha. Wabelgiji waliingia Rwanda mwaka 1916, wakabaki hadi uhuru wa Julai 1, 1962. Walimu na watawa waliokuja kutoka kwao walikuwa wamelelewa katika maktaba za kadi.

Wazo kubwa la kadi ni hili. Kitabu rafuni kina mahali pamoja tu. Ukikiweka kwenye historia, hakipo kwenye dini. Kadi hukitoa kitabu kifungoni, kwa sababu unaweza kukiandikia kadi tatu au nne: moja kwa mwandishi, moja kwa jina la kitabu, nyingine kwa kila mada. Sista aliyenifundisha kazi alikuwa mkali juu ya hilo. Alinikabidhi kitabu, akaniuliza: «Mtu atakayekitafuta hiki atakuja na swali gani?» Ningetaja maswali matatu, angenipa kadi tatu tupu. Mstari wa kwanza jina la mwandishi, ukishuka kidogo jina la kitabu, kisha mji, mchapishaji, mwaka. Mwandiko wima, herufi zisizoshikana, ili hata asiyemjua mwandikaji asome.

Chini ya kila kadi palikuwa na tundu, na fimbo nyembamba ya chuma ilipita katika matundu ya kadi zote za droo moja. Nilipokuwa mgeni katika kazi niliiona fimbo ile kama kero, maana kila kuingiza kadi mpya ilibidi uifungue na kuichomoa. Jumapili ya Februari 3, 2008 ndipo nilipoelewa. Asubuhi ile tetemeko la ardhi lilipiga Bukavu na upande wetu wa Rusizi na Nyamasheke. Watu walipoteza maisha, wengine wakiwa kanisani, na siku za kwanza hakuna aliyewaza maktaba. Tulipofungua mlango baadaye, rafu zilikuwa zimelala, vitabu vimerundikana sakafuni, na kabati la kadi limeanguka kifudifudi. Tulipoliinua, droo zilikuwa zimechomoka, mbili zimepasuka, lakini ndani ya kila droo kadi zilikuwa katika mpangilio wake kwa sababu ya fimbo. Tulivirudisha vitabu rafuni kwa kufuata kadi. Aliyebuni fimbo ile alikuwa amewaza siku ambayo droo itaanguka, na tangu hapo kila chombo kipya ninakiuliza swali hilohilo: ukianguka, mpangilio wako unabaki wapi?

Kabla ya tetemeko hilo kompyuta ilikuwa imeshafika katika kazi yetu, ikiwa na programu ya Unesco iitwayo CDS/ISIS. Toleo lake la kompyuta ndogo lilitoka mwaka 1985, na Unesco iliisambaza bure katika nchi zetu. Maktaba na vituo vingi vya nyaraka Afrika viliingia katika kompyuta kwa mlango huo. Ilikuja kwenye disketi. Skrini ilikuwa nyeusi, hakuna kipanya, kuna menyu ya maneno, na kila kazi inaitwa kwa herufi moja ya kibodi. Kila sehemu ya maelezo ya kitabu ilikuwa na namba. Katika mfano uliokuja na programu, jina la kitabu lilikuwa 24, mwandishi 70, maneno ya mada 69. Mwanafunzi alipaswa kuzikariri, na waliozikariri wanazikumbuka hadi leo.

Leo mtu akiiona programu ile atasema ni ngumu na haina sura. Mimi naikumbuka kwa shukrani, kwa mambo mawili. Kwanza, moja ya herufi za menyu yake kuu ilikuwa ya kubadili lugha ya mazungumzo na mashine, na maneno ya menyu yenyewe yalikaa katika mafaili ambayo maktaba iliruhusiwa kuyabadili na kuyatafsiri. Pili, jedwali la sehemu lilikuwa mali yako: ulitaka sehemu ya jina la msimuliaji wa hadithi, unaipa namba, unaitumia. Walioitengeneza walikubali kwamba maktaba ya Afrika itakuwa na mambo ambayo wao hawakuyawaza. Nafasi tupu ya pembeni ya daftari la ubatizo ilikuwa imerudi kwa njia nyingine.

Mwaka huo wa 2008 ulibadilisha mengi mengine. Serikali iliamua masomo yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na rafu zetu zilizojaa Kifaransa zikapata wasomaji wapya wasiozisoma. Mwaka huohuo pia zilianza kuingia shuleni kompyuta ndogo za kijani na nyeupe za mradi wa One Laptop per Child. Kompyuta zile hazikumwonyesha mtoto folda. Zilimwonyesha jarida: orodha ya kazi alizofanya, ya karibuni ikiwa juu. Waliochora sura ile waliona kwamba mtoto hukumbuka alichofanya kabla ya kukumbuka alikoweka. Wengi wa vijana wanaofika maktabani sasa walijifunza kompyuta kwa namna hiyo au kwa simu, na ukiwaambia «fungua folda ndani ya folda» wanakutazama tu.

Calibre ilizaliwa kwa shida ya mtu mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2006 kampuni ya Sony ilitoa kifaa cha kusomea vitabu pepe, PRS-500, ambacho hakikufanya kazi na kompyuta za Linux. Kovid Goyal, mwanafunzi mwenye asili ya India aliyekuwa akisoma Marekani, alichunguza jinsi kifaa hicho kinavyozungumza na kompyuta, akaandika programu yake, akaiita libprs500. Mwaka 2008 ikapewa jina la calibre. Ni programu huria: hailipiwi, na yeyote anaweza kuifungua ndani, kuibadili na kuisambaza. Kwa maktaba isiyo na fungu la kununulia programu hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuichagua, na hatukuwa na haja ya kuomba kibali kwa mtu.

Wapo wanaoilaumu sura yake. Wanasema imejaa, alama kubwa juu, orodha kushoto, jedwali katikati, maelezo kulia, na mlolongo wa mapendeleo usio na mwisho. Wanataka kitu chepesi chenye majalada matupu kama duka la vitabu. Tangu toleo la 1.0 la Agosti 2013 majalada hayo yapo, ukitaka kuyaona yakiwa yamejipanga kama kwenye ukuta, na watoto wadogo hapa huchagua kitabu kwa njia hiyo. Lakini kwa mkutubi ninalitetea jedwali. Jedwali huonyesha kilichokosekana. Kitabu kisicho na lugha, kisicho na mwandishi, kilichoandikwa mara mbili, vyote vinaonekana kwa mtazamo mmoja, na unaweza kubofya ndani ya safu ukasahihisha palepale bila kufungua dirisha jingine. Majalada huficha mapengo hayo. Kitabu chenye jalada zuri na maelezo mabovu kitang'aa ukutani, na hakuna atakayekipata akikitafuta kwa mada.

Kuna uamuzi mwingine uliowakera watu wengi, nao ni wa folda. Ukiingiza kitabu, calibre hukinakili katika hazina yake yenyewe, folda ya mwandishi, ndani yake folda ya kitabu, na inakuomba usiziguse. Waliozoea kupanga mafaili yao kwa mkono waliona wamenyang'anywa nyumba yao. Kwangu mimi ni wazo lilelile la kadi. Faili lina mahali pamoja, na mahali hapo pasimhusu msomaji. Kinachomhusu ni njia nyingi za kulifikia, na njia hizo ni lebo, lugha, mwandishi na mfululizo. Vilevile kitabu kimoja huwa mstari mmoja, hata kikiwa na mafaili matatu, EPUB kwa simu, AZW3 kwa Kindle, PDF kwa kuchapa. Msomaji huona kitabu, na suala la muundo linabaki kuwa letu sisi wakutubi.

Kisha lipo lile swali la droo inayoanguka. Maelezo yote ya calibre hukaa katika faili moja la hifadhidata. Umeme ukikatika wakati mbaya faili hilo linaweza kuharibika. Lakini ndani ya folda ya kila kitabu programu huweka faili dogo, metadata.opf, lenye maelezo ya kitabu hicho: jina, mwandishi, lebo, lugha. Hifadhidata ikifa, unaiamuru ijijenge upya kutoka katika mafaili hayo madogo. Tumewahi kufanya hivyo baada ya usiku wa umeme kukatika na kurudi mara nyingi, na asubuhi lebo zetu zote zilikuwapo. Nilimkumbuka Sista na fimbo zake.

Sasa turudi kwenye jina, maana hapo ndipo calibre ilipotuonyesha nani alifikiriwa ilipochorwa. Unapoandika mwandishi, programu hutengeneza yenyewe jina la pili la kupangia. Kanuni yake ya awali ni kulichukua neno la mwisho na kulitanguliza, kisha mkato. «Alexis Kagame» inakuwa «Kagame, Alexis», vizuri. Lakini karibu kila mwalimu wetu anaandika «Kagame Alexis», na programu inamgeuza kuwa «Alexis, Kagame». Mwanafunzi mmoja wa kidato cha mwisho aliomba historia za Kagame, akaenda herufi K, akakuta nusu yake. Nusu nyingine ilikuwa herufi A, pamoja na kina Alexis wengine wote. Kwa kanuni ile, maktaba ya Wanyarwanda hupangwa kwa majina ya watakatifu: kina Jean hapa, kina Marie pale, na majina waliyopewa na wazazi wao yamefichwa nyuma ya mkato.

Taasisi ndizo zilizotushangaza zaidi. Programu ina orodha fupi ya maneno ambayo ikiyakuta haigeuzi jina, lakini ni maneno ya Kiingereza, yale yanayotaja kampuni, baraza, kamati na taasisi. Neno la Kiswahili halimo. Basi «Taasisi ya Elimu Tanzania» inakuwa «Tanzania, Taasisi ya Elimu», na «Baraza la Kiswahili la Taifa» linakuwa «Taifa, Baraza la Kiswahili la». Vitabu vya sarufi na kamusi vikatawanyika chini ya herufi ambazo hakuna mtu angezitafuta.

Hapo ndipo uhuria wa programu ulipopata maana kwetu. Katika mapendeleo yake kuna ukurasa wa marekebisho ya ndani, maandishi matupu yasiyovutia, ambamo kanuni ya jina inaweza kubadilishwa kutoka «geuza» kuwa «nakili kama lilivyo», na orodha ile ya maneno inaweza kuongezwa. Tuliweka «nakili». Tukaamua jina la Kinyarwanda litangulie kwa mwandishi Mnyarwanda. Majina ya Kiswahili yanaandikwa kama mwenyewe alivyojulikana, hivyo Shaaban Robert anakaa kwenye S, ambako kila mtu anayeuliza hapa humtafuta. Kwenye ile orodha tukaandika Taasisi, Baraza, Wizara, Chuo, Shirika, Minisiteri, Ikigo, ili siku mtu yeyote akirudisha kanuni ya kugeuza, majina ya taasisi yabaki salama. Kazi ile ilituchukua jioni moja. Ni masahihisho madogo, na kwa mtu asiyeyajua ni kama hayapo, lakini tangu siku ile mtoto wa hapa akimtafuta mwandishi wa kwao anampata kwa jina alilofundishwa kumwita.

Lugha nazo zilihitaji kazi yake. Katika namba za Dewey, fasihi ya Kiingereza ina kumi nzima ya namba, kuanzia 820, na ya Kifaransa kumi nyingine kuanzia 840. Fasihi za lugha za Kiafrika zimebanwa pamoja ndani ya 896, Kiswahili kikipewa 896.392 na Kinyarwanda 896.39461. Mtu hatakiwi kukariri desimali tano ili asome hadithi ya bibi yake. Calibre hutumia vifupisho vya kimataifa vya lugha, kila kimoja herufi tatu, na hapo lugha zote husimama kwa usawa: swa, kin, fra, eng. Safu hiyo ina kazi pia ambayo haionekani: ndiyo inayoiambia programu iruke kibainishi cha Kifaransa kichwani mwa jina la kitabu, ili «La philosophie» ipangwe kwenye P. Usipoijaza, vitabu vyako vingi vya Kifaransa vitajazana kwenye L.

Msichana mmoja kutoka kisiwa cha Nkombo aliniuliza: «Mama, vya kwetu viko wapi?» Alimaanisha Kihavu, lugha yake na ya watu wa kisiwa cha Idjwi upande wa Kongo. Hatukuwa na kitabu hata kimoja. Nilimwonyesha kwamba programu inakijua Kihavu, kifupisho chake hav, kinasubiri. Likizo iliyofuata alirudi na daftari la hadithi alizosimuliwa na nyanya yake. Tulizichapa pamoja, tukatengeneza EPUB, na jina hilo la lugha likatokea kushoto mwa skrini likiwa na tarakimu 1 mbele yake. Sasa limeongezeka, kwa sababu wenzake wameona kwamba mahali pao pamo.

Kuhusu mahali, kazi yetu ilikuwa ngumu zaidi. Mji wa Huye uliitwa Astrida wakati wa Wabelgiji, ukaitwa Butare baada ya uhuru. Bukavu iliitwa Costermansville. Mkoa wetu uliitwa Cyangugu hadi mpangilio mpya wa utawala wa mwaka 2006 ulipotupa Wilaya ya Rusizi na ya Nyamasheke. Anayetafuta «Rusizi» havioni vitabu vya zamani vilivyosema «Cyangugu». Na Dewey ameukata mto katikati: Rwanda ni 967.571, Kongo ni 967.51, kwa hiyo historia ya miji miwili inayotazamana imetenganishwa rafuni. Calibre inaruhusu safu za kujitengenezea. Tuliongeza moja, tukaiita Mahali, inayobeba majina yote ya mji, la zamani na la sasa. Tukaongeza lebo ya Ziwa Kivu kwa kila kitabu kinachohusu watu wa pande zote mbili, uvuvi, biashara ya mpakani, mitambo ya umeme ya Rusizi, chai ya Shagasha. Mwalimu wa historia akiibofya anapata Cyangugu na Bukavu pamoja, kama watu wanavyoishi.

Vifungo ambavyo havitufai tuliviondoa juu ya skrini, kile cha kununua vitabu mtandaoni na kile cha kupakua magazeti, kwa sababu vinaomba intaneti ambayo hatuna kila siku. Tukaweka mbele kifungo cha kushiriki. Kompyuta ya maktaba inarusha hazina yake kwa waifai ya humuhumu ndani bila intaneti yoyote. Mtu anaandika anwani kwenye simu yake, anaona orodha, anachukua kitabu. Muuza vitenge mmoja hupita saa ya chakula cha mchana, anasimama mlangoni, anachukua riwaya ya Kiswahili, anaondoka. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini mama huyu alikuwa anakisoma kabla ya sheria, na orodha anayoiona kwenye simu lazima imtumikie kama inavyomtumikia mwalimu.

Nina madai mawili. La kwanza ni kwetu sisi wakutubi wa mpakani. Kanuni tunazoziamua, jina lipi litangulie, mji upi uandikwe vipi, lebo ipi imaanishe nini, tuziandike kwenye daftari la karatasi na kulikabidhi kwa atakayetufuata, pamoja na sababu. Mabadiliko yaliyojificha ndani ya kompyuta ya mtu mmoja hufa siku anapostaafu, na programu mpya itakapokuja itayageuza majina yetu upya kwa kanuni za mtu mwingine. Vijana nao wafundishwe kuufungua ukurasa ule wa marekebisho ya ndani mapema, wasiishie kubofya majalada.

La pili ni kwa wale wanaotengeneza programu za maktaba leo, wawe Kigali, Nairobi, Dar es Salaam au mbali zaidi. Kabla hamjachora safu ya mwandishi, kaeni siku chache na mkutubi wa mji kama Kamembe. Mwulizeni majina ya watu wake yanapangwaje, miji yake imewahi kuitwaje, na lugha gani zinasubiri kitabu cha kwanza. Kisha muache nafasi tupu, na mtupe uwezo wa kuijaza wenyewe. Mapadre wa Mibirizi waliiacha pembeni mwa daftari zaidi ya miaka 120 iliyopita, Unesco ikaiweka kwenye disketi, na Goyal akaiweka katika safu za kujitengenezea. Programu itakayoiondoa nafasi hiyo ili ionekane safi, hata ikiwa na sura nzuri kuliko zote, sisi wa Rusizi hatutaipokea.